Baki Moja

Mimi ni mtoto wa Rhotia, baridi naijua, lakini ile ya Nainokanoka, aisee, ilinitoa machozi. Chuo kilinipangia mazoezi ya kufundisha huko, Hisabati, Darasa la Tatu. Nilinuna wiki nzima. Wenzangu wako Karatu mjini wanakula chipsi, mimi napuliza vidole chaki isidondoke.

Siku mkufunzi wetu alipokuja kunikagua, somo lilikuwa kugawanya kwenye baki. Vijiti vya kuhesabia vilikuwa vimelowa ukungu, nikaona nisijitese, nikawatumia watoto wenyewe.

"Haya, simameni wawili wawili!"

Walikuwa ishirini na saba. Wakakimbizana, wakashikana mikono, wakacheka. Jozi kumi na tatu zikapatikana, na msichana mmoja akabaki peke yake mbele ya ubao, amejifunga shuka juu ya sweta la shule.

"Huyu tunamwitaje?" nikauliza.

"Baki!" darasa zima likaitikia.

Mkufunzi alifurahi mno. Alisema zana zangu ni hai, akanipa alama ambazo sijawahi kupata, nami nikavimba kichwa. Alipoondoka, mwalimu mwenyeji akaniambia ofisini kwamba wazazi wa yule mtoto walihamia mkoa mwingine na mifugo yao, wakamwacha kwa bibi yake. Walisema watamfuata wakishajenga. Mpaka siku ile hawakuwa wamemfuata, na simu yao ilikuwa haipatikani. Chai ilinishinda.

Kesho yake watoto walikuwa wanamwita Baki mpaka bombani. Nikagomba hadi sauti ikakauka, ndiyo kwanza jina likanoga. Yeye hakulalamika. Alinifuata tu mlangoni, akaniuliza, "Mwalimu, baki huwa inapelekwa wapi?"

Jibu la darasani nalijua: inaandikwa pembeni. Sikumpa hilo. Nikarudi naye ndani, nikawaambia wajipange upya, na safari hii nikasimama naye mimi. Haya, hesabuni sasa! Jozi kumi na nne. Wakapiga makofi, na yeye akanikamata vidole kwa nguvu mpaka vikauma.

Tangu hapo alikuwa wangu. Asubuhi ananisubiri njiani, ananibebea chaki, anakisahihisha Kimaasai changu na kunicheka kwamba naongea kama mtoto asiye na meno. Nilimpenda, niseme ukweli. Kwamba mazoezi yana mwisho nilimwambia, tena si mara moja. Alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mwalimu," na kuendelea kufuta ubao.

Siku ya kuondoka, Landrova ya abiria ilinipitia shuleni asubuhi. Dereva alikuwa anafunga begi langu juu nilipomwona mtoto anakuja na bibi yake, koko, kama wanavyomwita wao. Mtoto amepakwa mafuta usoni mpaka anang'aa. Amebeba kifurushi cha shuka, ndani yake nguo zake na kikombe. Koko hajui Kiswahili. Alinishika mikono yote miwili, akasema maneno marefu, nikamwomba mtoto anitafsirie.

"Koko anasema asante kwa kunichukua."

Mungu wangu! Nilimtazama dereva, dereva akatazama tairi. Mimi mwenyewe nalala bweni la chuo, kitanda cha juu. Ningempeleka wapi? Nikapiga magoti kwenye tope nimweleze. Nilichoweza ni kutikisa kichwa na kulia kama mjinga.

Mtoto alidhani shida ni nafasi. Akanipita, akachungulia kiti nilichowekewa, akakipima kwa macho. Kisha akakikumbatia kifurushi kifuani, akakibana mpaka kikawa kidogo.

"Mwalimu," akasema, "tunatosha."

Koko alielewa kabla yake. Akamvuta taratibu kwa bega. Nikapanda, nikamwambia dereva twende.