Kuogelea Kwenye Maji ya Kunywa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa filimbi, kaptula mbili na bwawa lisilo na maji. Ilikuwa shule ya bweni ya wavulana huko Kitui, miaka ya sitini ikielekea kuisha. Mwalimu Mkuu alinizungusha bwawa lote kama mtu anayeuza ng'ombe mgonjwa, akianza na upande ambao haukuwa na ufa. Chini kabisa, penye kina kirefu, mpishi wa shule alikuwa ameanika mbaazi.

"Maji yatakuja lini?" nikamuuliza.

"Wewe ni mwalimu wa kuogelea ama wa maji?" akanijibu. "Fundisha."

Nilikuwa nimejifunza kuogelea Mombasa nilipokuwa nikibeba mizigo, na nilikuwa na cheti cha uokoaji. Nikashuku papo hapo kwamba nimeandikwa ili wazazi waambiwe shule ina mwalimu wa kuogelea, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili mawazo. Lakini mshahara ulikuwa wa kweli, kwa hivyo nikafundisha. Wavulana walilala kifudifudi juu ya mabenchi, wakapiga mateke hewani na kuchota kwa mikono maji ambayo hayakuwepo. Msicheke, ninyi wenye mabwawa ya vigae. Mafunzo ya nchi kavu yana faida yake: mwili unashika mpangilio wa mkono, pumzi na teke kabla hofu haijaingia. Hasara ni kwamba hofu yenyewe haifundishiki juu ya benchi. Mvua ilipotujazia bwawa, yule bingwa wa benchi ndiye aliyenikaba shingo tukazama pamoja. Tangu hapo mtu akiniambia anajua kuogelea, namwambia alowe kwanza, kisha namtazama mara ya pili.

Ufa ulipolishinda bwawa, nikachukuliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii na kupelekwa Nuu. Afisa wa Maendeleo alikuwa mtu wa maneno machache. "Kazi yako ni watu wasife kwenye masilanga," akaniambia. "Na wasipokufa, hakuna atakayejua ulikuwa ukifanya kazi." Hapo alisema kweli.

Silanga, kwa msomaji asiye wa kwetu, ni bwawa la udongo linalochimbwa kukinga maji ya mvua. Huko Nuu ndiko nilikojifunza kwamba silanga halina sakafu ya kuaminika. Kila mvua huleta tope, hujaza hapa na kung'oa pale. Jana maji yalikufika magotini, leo mahali hapo hapo yanakufunika. Kwa hivyo mwalimu hupima kwa fito refu kabla mwanafunzi hajavua viatu, na akimaliza hurudi kupima tena. Wachungaji wa mbuzi waliniuliza nimepoteza nini humo ndani.

Halafu, katika miaka ya themanini, nikahamishiwa Makueni, upande wa Kathonzweni, na hapo ndipo kazi ilipoanza kunitazama usoni.

Kulikuwa na silanga moja kubwa lililochimbwa na wanawake wa mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja, kwa majembe na makarai, kiangazi baada ya kiangazi. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Mbithe, mjane mpana wa mabega, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye mlima wa pili. Mvua ikaja, silanga likajaa, watu wakaacha safari ndefu ya kwenda mto Athi. Kisha Kalekye, mmoja wa wachimbaji wale wale, akaenda kuchota maji asubuhi na hakurudi. Waliona kwanza mtungi wake wa plastiki ukielea.

D.O., yaani afisa wa tarafa, akaniita ofisini. "Akifa mwingine hapo, nafunga," akasema. "Seng'enge kuzunguka pande zote, na askari mlangoni. Nataka hao akina mama wajue kujiokoa. Nitakuja kujionea mwenyewe. Nisiporidhika, pia nafunga."

Nikafika silangani nikiwa na fito langu. Wanawake walikuwa wameketi ukingoni wakiningoja, na hakuna aliyenikaribisha uji. Walijua kama ninavyojua mimi kwamba mtu akitumwa na ofisi kuja kusaidia, ofisi inataka kitu.

"Umekuja kutafuta sababu ya kufunga maji yetu," akasema Mama Mbithe.

"Nimekuja kufundisha kuogelea, mama."

"Kwenye maji ya kunywa?"

"Ng'ombe wanaingia humo na kwato zao na mengine. Mimi nimeoga kwa sabuni."

"Ng'ombe anatoa maziwa," akasema. "Wewe unatoa nini?"

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nami nikajua tumeanza kupatana bei, kwa sababu mtu asiyetaka kununua hacheki. Tulipatana tangu jua la asubuhi mpaka kivuli kikawa chini ya miguu. Yeye alitaka nifundishe nikiwa juu ya ukingo, nisiguse maji. Nikasema mwokozi mkavu ni mtazamaji. Akataka nisimguse mwanamke. Nikasema nitashika kichwa peke yake, kwa kiganja, kama mtu anayebeba yai. Tukakubaliana tutumie upande wa ng'ombe, kila mtu aoshe miguu kwanza, na mwanamume mwingine yeyote asionekane hapo karibu. Nikadhani tumemaliza.

"Na ulete mke wako," akasema. "Akae hapa tumwone. Na yeye atuone."

Mke wangu Nduku alikuwa Mbooni akichuma maharagwe. Nilipomweleza, aliweka kikapu chini.

"Baba Mutheu, wanawake wangapi?"

"Kikundi."

"Kikundi cha wanawake, ndani ya maji, na wewe ukiwa na kaptula." Akafunga nguo zake. "Hata kama wasingeniita ningekuja."

Sasa nieleze kilichonitia wasiwasi. Niliwauliza Kalekye alizamia wapi. Mmoja akaonyesha mashariki, penye miiba. Mwingine magharibi, kwenye tuta. Nilipowauliza tena kesho yake, walibadilishana. Na kila nilipokaribia upande wa kaskazini na fito langu, Mama Mbithe alinikatiza: "Huko ni kwa kuchotea. Wacha huko."

Nikaacha, lakini nikatazama. Wanawake walipokwenda kuchota, waliingia kwa upande huo, mmoja nyuma ya mwingine, wakatembea mbali ndani ya maji kama walio barabarani, maji yakiwafika kiunoni tu. Hapo nikaelewa. Wachimbaji wa silanga huacha mteremko wa udongo usiochimbwa, wa kupandia na makarai kichwani. Kazi ikiisha, mteremko huo huondolewa. Huu haukuondolewa.

"Niliuacha mimi," akasema Mama Mbithe nilipomuuliza. "Ukingoni maji ni tope. Huko ndani ni safi. Nimepanda hapo na udongo kichwani mpaka nyayo zangu zikapajua."

"Ulipapanda pakiwa pakavu, mama. Udongo uliolowa si ule."

"Mwalimu, unataka kunionyesha sakafu ya nyumba yangu?"

Makosa ya namna hiyo hutayaona kwa mtu wa pwani, ambaye hakuchimba bahari. Ni sisi wa nchi kavu tunaoingia majini tukitembea juu ya kumbukumbu. Nilimwambia aufunge ule mteremko. Akasema nikiwatisha wanawake, D.O. atasikia, na seng'enge itakuja. Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililoniudhi.

Aliyejitokeza kwanza kujifunza alikuwa Mwikali, binti ya Kalekye, aliyeolewa hapo karibu. Siku moja akikamua maji kwenye nguo zake aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mama yangu aliingilia wapi?"

"Wanasema penye miiba."

"Wanasema," akajibu, akitazama kaskazini.

Tulianza na mapovu. Mwanafunzi hutia uso majini na kupuliza, kwa sababu anayepuliza hawezi kumeza. Kisha kuelea chali, ambako ndiko kunakookoa watu wetu kuliko mitindo yote ya mashindano: kichwa nyuma mpaka masikio yalowe, tumbo juu, mikono wazi, pumzi kifuani. Leso nilizikataza majini, maana leso ikilowa hufunga miguu kama kamba. Wakashona magauni makuukuu katikati ya miguu. Mitungi mitupu ilitusaidia kuelea, lakini nilikaza kila kifuniko mwenyewe, na nikimaliza nakaza tena. Mtungi unaovuja huanza kukuambia uongo ukiwa mbali na ukingo. Na kila baada ya zoezi nahesabu vichwa, kwenda na kurudi.

"Anatuhesabu kama mbuzi," akasema mmoja.

"Mbuzi wangekuwa wameshaelewa," akasema Nduku kutoka ukingoni, akisuka kiondo bila kuinua macho. Walimpenda kuliko mimi.

Mama Mbithe hakuingia. Alisema mwenyekiti hawezi kulala chali mbele ya watu. Alikaa kando ya Nduku, mikono kifuani, akilinda heshima ya kikundi, na hakunyamaza. "Mwikali, tumbo! Tumbo juu! Wewe, kwani shingo yako ni ya ukuni? Umeambiwa masikio yalowe!" Kuna siku nilinyamaza makusudi, na somo likaendelea vizuri tu.

D.O. akaja, na askari na chifu, na watu wote wa sokoni waliodai wanapita tu. Wanawake wakaelea. Mwikali akaogelea mpaka mtungi tuliouweka katikati na kurudi. Wakaonyesha pia uokoaji: usimrukie anayezama, atakukumbatia mfe wote. Fika kwa fito. Fito lisipofika, rusha kamba, na kamba yetu ilikuwa leso kavu zilizofungwa ncha kwa ncha. Kuingia majini ni mwisho kabisa.

D.O. akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mtu wa ofisi akiridhika haraka, mimi huanza kuhofia. Akanyoosha fimbo yake kaskazini. "Na huko mnakochotea? Ni salama?"

Wanawake waliangalia vidole vyao vya miguu. Nilifungua mdomo, lakini Mama Mbithe alikuwa ameshasimama, amejifunga leso kiunoni, mtungi mkononi.

"Bwana D.O., tazama mwenyewe," akasema, akaingia.

Alitembea vizuri, kwa madaha hata. Magotini. Kiunoni. Nikachukua fito langu nikamfuata kwa ukingo. Alipofika mbali akageuka kutuonyesha uso, na ule udongo ukamwachia mguu. Mtungi ulibaki juu. Yeye hakubaki.

Watu walipiga ukemi. Fito halikufika. Nilikuwa nimevua shati nilipoona tumbo linapanda, kisha uso, kisha mikono ikifunguka kila upande. Mwanamke ambaye hakuwahi kulowa hata kisigino katika somo langu alikuwa amelala chali katikati ya silanga, masikio ndani ya maji, akipumua kwa kifua kama alivyowapigia wenzake kelele wapumue.

Mtu aliyezamisha masikio hajui sauti yake ni kubwa kiasi gani. Nadhani alikusudia kusema moyoni.

"Ni hapa," akasema, na baraza zima likasikia. "Kalekye, ni hapa. Ni mimi niliyeacha njia hii."

Mwikali alikuwa ameshafunga leso ncha kwa ncha. Akarusha, hazikufika. Akavuta, akarusha tena, zikamwangukia Mama Mbithe kifuani. Akazishika. Tukamvuta polepole, maana ukivuta kwa pupa uso huzama. Leso yake ya kiunoni ilikuwa imebaki chini na kiatu kimoja. Mwikali akavua kanga yake ya mabegani akamfunika.

"Umesikia nilichosema?" Mama Mbithe akamuuliza, bado akikohoa.

"Nilisikia, mwaitu," akasema, kama anayemwita mama yake. Akamkaza ile kanga shingoni. "Nimekuwa nikingoja wewe ndiwe useme."

D.O. alikuwa akimwambia askari habari za seng'enge. Nikamwendea nikiwa kifua wazi, jambo ambalo Nduku alilitaja kwa miaka.

"Bwana D.O., ulisema akifa mwingine."

"Nimeona kwa macho yangu!"

"Umeona nini? Hesabu vichwa, bwana. Ulisema akifa, na ulisema wajue kujiokoa. Yule hata hakuandikishwa kwa somo na amejiokoa."

Akawatazama wale wanawake waliolowa, kisha yule aliyelowa kuliko wote. Tulipatana. Mimi niliomba seng'enge isahaulike, yeye alitaka pande zote. Tukaishia upande wa kaskazini peke yake, mpaka maji yashuke na mteremko uondolewe. Silanga likabaki wazi.

Kiangazi kilipokausha silanga, mwethya ulikusanyika. Hakuna aliyempa Mama Mbithe amri, lakini hakuna aliyeinua jembe kabla yake. Alichimba mteremko ule peke yake kwa muda mrefu, na Mwikali akamshikia karai. Lilipojaa, Mwikali alilibeba kichwani akalitoa, akarudi, akalishika tena. Baadaye wengine wakaingia. Mteremko ulipokwisha na mvua kurudi, maji mapya yalichotwa kwa ndoo na kamba kutoka kwenye jukwaa la mbao, na ndiyo, yalikuwa na tope zaidi. Walilalamika mpaka nikahamishwa.

Nimestaafu Mbooni, mahali ambapo maji hayakai, hushuka tu kwenda kuwasumbua wengine huko chini. Magoti yangu hayataki tena baridi. Vijana wanaosomea kazi hii huja kuniuliza kuhusu mitindo na vifaa, nami huwajibu, ingawa nashuku wengine hufuata maembe ya Nduku. Kitu kimoja huwaambia hata wasipouliza. Mkifika kwenye maji mageni, kina mtakipata kwa fito. Lakini kwanza kaeni ukingoni mtazame ni upande gani watu hawataki mwende, na ni nani anayewazuia. Huyo msimwache nyuma. Mpeni kiti karibu na somo, mahali anapoona vizuri, na mmwache apige kelele.