Siku Niliyoifuturisha Kindu Jua Likiwaka

Kuna watu hapa Kindu ambao mpaka leo wakinikuta barabarani wanaangalia kwanza jua liko wapi, halafu ndipo wananisalimia. Sikasiriki. Aibu ninayo, lakini sikasiriki, kwa sababu kosa ni langu mwenyewe, nililiandaa kwa mikono yangu tangu adhuhuri nikijiona fundi, kisha nikalitangaza kwenye mikrofoni mji mzima ukinisikia. Basi afadhali nisimulie mimi, maana nimesikia linasimuliwa sokoni na kule wananiongezea (eti nilikuwa natafuna kuku mzima hewani, si kweli, zilikuwa tende tatu).

Nafanya kazi kwenye redio ndogo ya hapa mjini, na nikisema ndogo muelewe ndogo kweli: chumba kimoja, mnara mmoja, na mimi Amisi ambaye ni mtangazaji, fundi na mfagiaji. Studio haina dirisha. Kuta zote tulizifunika kwa magodoro ya zamani ili kelele za nje zisiingie, na ukishafunga mlango huwezi kujua kama nje ni mchana, ni mvua au ni mwisho wa dunia. Mkubwa wetu ni Direkta Emile, Mkatoliki, mtu mwema, ambaye kila Ramadhani ananiachia vipindi vya jioni mimi Mwislamu na yeye anakwenda kunywa kahawa yake nyumbani.

Sasa mjue kwamba Ramadhani ile iliangukia kwenye mvua. Mvua ikipiga mabati ya Kindu husikii hata mtu aliyekaa pembeni yako, sembuse adhana ya msikitini, na umeme nao ni wa kubahatisha. Kwa hiyo watu wengi walikuwa wanaweka redio karibu na sahani na kungoja mimi niseme jua limetua. Mmoja wao alikuwa mama yangu, kule mtaa wa Mikelenge. Angeweza kumwuliza jirani, angeweza kuangalia simu ya mjukuu, lakini hapana, alitaka asikie kwa sauti ya mtoto wake ndipo anyooshe mkono.

Na huyu mama si mfungaji wa kawaida. Wakati wa vita, treni ilipokufa na maboti yakaacha kuja na chumvi ikawa kitu cha kuota, tulikimbilia porini upande wa Pangi, mimi nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, na hata kule mama alifunga Ramadhani yote bila kupoteza siku moja. Hiyo ni sifa ya nyumba yetu. Wengine wanajisifia shamba, wengine wanajisifia kijana aliyefika Kinshasa, sisi tunasema: mama yetu, vita yote, hata siku moja. Kaka yangu anaisema kwenye arusi, mimi niliwahi kuisema hewani.

Haya, uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu. Kompyuta ya studio ilikuwa na Windows, na ilikuwa inaugua kila wiki kwa sababu kila mtu Kindu akija na tangazo lake la msiba au wimbo wa kwaya analileta kwenye flashi, na flashi za mji huu zimejaa virusi kuliko nyimbo. Unaichomeka, mafaili yote yanageuka kuwa njia za mkato zisizofika popote. Nilikuwa nimesikia kwamba Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, haishikwi na virusi hivyo. Lakini programu yetu ya kupanga muziki iko kwenye Windows na Direkta alisema asiisikie habari ya kuifuta. Nikasema hakuna shida, nitaziweka zote mbili kwenye mashine moja, kila moja na chumba chake, ukiwasha unachagua uingie wapi. Na nikachagua kufanya kazi hiyo siku ya kumi na saba ya Ramadhani, baada ya adhuhuri, redio ikiwa hewani. Kwa nini siku ile na si wakati mwingine sijui, njaa huwa inanipa ujasiri.

Ili redio isinyamaze, niliunganisha simu yangu kwenye mitambo isome Kurani tukufu, nikaizimia mtandao ili mtu asije kunipigia katikati ya aya, nikailaza kifudifudi juu ya kitambaa na nikajikataza kuigusa. Halafu nikaikata diski, upande huu Windows, upande huu mgeni, nikingojea ile mistari ya kijani itembee, ikitembea inasimama, ikisimama nami moyo unasimama, maana ndani mle mlikuwa na miaka ya matangazo na sauti za wazee waliokwisha kufariki. Lakini ilikubali. Nikaizima, nikaiwasha, na pale kwenye kioo cheusi yakatokea majina mawili, moja juu ya lingine, yakiningojea nichague. Sitawadanganya, nilijipigia makofi peke yangu.

Nikaingia Linux. Ikafunguka safi. Nikaangalia saa kwenye pembe: saa kumi na mbili kasoro dakika chache za jioni.

Nilishtuka kidogo, maana nilidhani muda bado, lakini mnajua kazi za kompyuta zinavyokula masaa, na tumbo langu lilikubaliana na ile saa haraka sana, bila kuuliza swali. Kilichoniuma ni kwamba alasiri ilinipita. Nikaswali mbio mbio pale pale kati ya magodoro, nikiomba toba kwa kuichelewesha (baadaye nilikuja kujua kwamba nilikuwa ndani ya wakati wake kabisa, na ndicho kitu pekee nilichokifanya kwa wakati siku ile).

Ilipofika saa kumi na mbili na robo, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya nyakati za swala ukutani, nikashusha sauti ya simu kwenye mitambo, nikavuta mikrofoni na kutoa ile sauti yangu ya jioni, nzito kidogo, ambayo mama anaipenda. Nikasema ndugu wasikilizaji, jua limetua katika mji wetu wa Kindu na viunga vyake, Mungu apokee saumu zenu, kuleni kwa amani. Nikapiga adhana kutoka kwenye kompyuta. Halafu, kwa kuwa nilisahau kufunga mikrofoni, mji mzima ukanisikia natafuna tende ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kunywa maji, na kusema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyeokoka.

Nje, kumbe, mvua kubwa ilikuwa imeshuka na wingu jeusi limefunika mji mpaka watu wamewasha taa. Hilo ndilo lililoniangamiza. Kungekuwa na jua, watu wangecheka tu na kuniacha. Lakini lilikuwa giza la kweli, mvua inapiga mabati, na sauti ya Amisi inasema kula. Wauza samaki waliojibanza chini ya mahema sokoni walikula. Wamotari, waendesha pikipiki wetu, waliokimbilia kwenye baraza za maduka na abiria wao walikula.

Mlango wa studio ukafunguliwa. Alikuwa Direkta Emile, amelowa kuanzia kofia mpaka viatu.

"Amisi, toka inje kidogo."

"Direkta, niko hewani."

"Njo maana nakuambia toka." (Njo ya kwetu ni ndiyo, si njoo.)

Nikatoka. Mvua ilikuwa inaisha, wingu limepasuka, na juu ya paa la jirani kulikuwa na mwanga mkali mpaka nikafunga macho.

"Ile njo nini?" akaniuliza.

"Jua."

"Iko wapi?"

"Iko juu."

"Bon. Rudia ndani, uambie watu."

Nilijaribu kumweleza, na ninyi nitawaeleza kifupi. Kompyuta ina saa yake ndogo ndani ya tumbo. Windows inaandika mle saa ya Kindu kama ilivyo. Linux ikiamka inadhani iliyoandikwa mle ni ile saa ya dunia ambayo nchi zote zinahesabia, basi inaongeza masaa yetu mawili ili kupata ya Kindu. Kila moja peke yake ina akili timamu. Ukiziweka nyumba moja bila kuzipatanisha, saa kumi inakuwa saa kumi na mbili, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekata mtandao hakukuwa na wa kuzisahihisha. Direkta alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Amisi, mimi nilijua saa kwa kuangalia saa," akanionyesha mkono wake.

Sikuwa wa kwanza kufika kwenye mikrofoni. Shehe Sumaili wa msikiti wetu aliingia kabla yangu, viatu mkononi, mwavuli kwapani.

"Kijana, saa yako ilitoka wapi?"

"Kwa ordinatere, shehe," nikasema, nikiionyesha kompyuta kwa kidole.

"Na macho yako yalikuwa wapi?"

"Ndani, shehe. Hakuna dirisha."

Akaangalia magodoro kila upande, akakaa kwenye kiti changu na kusema na watu. Aliyekula kwa kuamini jua limetua hana dhambi, aache sasa hivi, amalize siku akiwa amejizuia, na baada ya Idi alipe siku moja. Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kisha akanisogezea mikrofoni. Nikaanza, "Ndugu wasikilizaji, kutokana na sababu za kiufundi..." Shehe akatikisa kichwa.

"Hapana. Sema ni wewe."

Nikasema ni mimi. Amisi. Niliamini kompyuta nikasahau mbingu, naomba radhi. Sauti yenyewe haikuwa ile nzito.

Magharibi ya kweli ilipokaribia nilikataa kuitangaza kwa kuangalia chochote chenye namba. Direkta alisimama mlangoni akilitazama jua, na lilipozama akainua mkono, ndipo nikasema. Kwa hiyo siku ile Waislamu wa Kindu walifuturishwa na Mkatoliki, na saa ilikuwa sawa kabisa.

Nilikwenda Mikelenge kwa miguu, kwa sababu motari wa kwanza niliyemsimamisha aliniuliza kama nauli ya saa kumi na ya saa kumi na mbili ni moja. Njiani nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Mji utanisamehe au utanicheka, yote sawa. Lakini mama. Risasi hazikumvunjia saumu, njaa haikumvunjia, pori halikumvunjia, nikaja kumvunjia mimi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, redio imezimwa, bakuli tupu la uji pembeni.

"Mama, ulikula?"

"Nilikula. Sauti ya mutoto wangu ilisema kula."

Nikapiga magoti. Nikamwambia mama nisamehe, vita yote hukupoteza hata siku moja, na mimi na kompyuta yangu...

"Nani alikuambia ile?"

"Watu wote. Kaka. Mimi mwenyewe nasemaga."

"Ni ninyi njo munasemaga. Mimi sijasema hata mara moja."

Sikuelewa. Akanyoosha miguu yake, akalisukuma bakuli.

"Kule pori tulipata viazi hatujue ni vya namna gani. Kaka yako akasema ni sumu, hakule. Weye ulikuwa unamuangalia, nawe unakataa. Siku ya tatu bila kitu kwa tumbo. Ilikuwa muchana, Ramazani. Nikakula mbele yenu, juu muone haiue muntu. Njo mukakula."

"Na saumu?"

"Ile saa nilikuwa nakuangalia weye unatafuna. Saumu nililipa kisha, vita ilipopoa."

"Juu ya nini hukutuambia?"

"Mulikuwa munafurahi sana kuisema," akajibu.

Nililia, mimi mtu mzima mwenye ndevu, na mama aliniacha nilie bila kunibembeleza. Nimeisimulia hapa kwa ruhusa yake. Alisema kwa kuwa mji umekwisha kujua ujinga wangu, na wajue na viazi.

Direkta alitoboa dirisha studio, sasa wasikilizaji wanapata habari pamoja na kuku wa jirani. Zile saa mbili nilikuja kuzipatanisha kwa amri moja ya mstari mmoja ambayo hata dakika haikuchukua, na kila nikiikumbuka nataka kujipiga kofi. Na nimeapa: sitamwambia mtu yeyote jua limetua kabla sijatoa kichwa changu nje na kuliona mwenyewe likiondoka.

Siku ya kulipa tulilipa pamoja, mama na mimi, Jumatatu moja baada ya Idi. Jioni tulikaa uani, uji umefunikwa, redio hakuwasha. Akaniambia, "Sema weye, kama unavyosemaga." Nikasimama kulitazama jua. Likagusa miti, likazama nusu, likazama lote, nami nikaendelea kusimama, nikitafuta kama hakuna kipande kilichobaki nyuma ya miti, wingu jekundu likawa la kijivu, jirani akawasha taa, nikaona ningoje kidogo tena kwa usalama.

"Amisi," mama akasema nyuma yangu, "sasa unaniua na njaa."