Rafiki Yangu wa Kalemie

Kosa ni langu. Nilifufua redio ya upepo ya zamani, ile ya kuzungumza na watu wa mbali, ambayo mke wangu aliapa kuitupa nje isipofaa kitu. Siku ya tatu mtu mwenye Kiswahili cha Kongo akaniitikia. Sikumuuliza aliko, lafudhi ilinitosha. Nikawaita majirani hapa Ujiji wasikilize nikizungumza na Kalemie, ng'ambo ya ziwa.

Tukiwa katikati ya salamu, adhana ikasikika redioni. Nikachanganyikiwa, kwani sauti ile ile ilikuwa ikiingia dirishani.

"Ndugu, kwani uko wapi?"

"Hapa Ujiji, papa, nyuma ya musikiti."

Majirani wakaangua kicheko.

"Baba Zaituni," mke wangu akasema, "mwambie avuke barabara, aje aichukue hiyo redio."