Jaribio la Mshumaa Pale Iwawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni, huko Lupembe, nimelowa mpaka soksi, maana lori la majani ya chai lililonipa lifti halikuwa na turubai. Mwalimu Mkuu, mzee mwembamba aliyevaa sweta mbili, alisoma barua yangu ya ajira akiwa amesimama, akanipeleka stoo na kufungua kabati. Ndani mlikuwa na sumaku iliyovunjika, neli tatu za kioo, na mchoro wa mwili wa binadamu ulioliwa na panya kuanzia magotini kwenda chini. "Maabara yako hiyo, Mwalimu wa Sayansi," akasema. "Kufuli haina, na hakuna wa kuiba."

Nawaandikia walimu vijana, na mzazi yeyote mwenye mtoto mdadisi. Naandika pia kwa sababu kuna mtu amebeba kosa langu tangu utotoni mwake, na mimi nilimwacha alibebe. Mkinisikia nimekuwa mkali mahali, hasira yenyewe si juu yenu.

Kwa kuwa kabati halikuwa na kitu, nilihamia jikoni. Yai bichi ukilitia kwenye maji matupu huzama. Koroga chumvi vijiko kadhaa, linaelea, nawe umekwisha kufundisha densiti kabla hujalitaja neno lenyewe. Magadi ukiyakamulia limau yanatoa povu, na povu hilo ni kabonidayoksaidi, gesi ileile tunayoitoa tukipumua. Chupa ya plastiki ukiisuuza kwa maji ya moto, ukayamwaga na kufunga kizibo upesi, inajikunja yenyewe inapopoa, kwa sababu hewa ya ndani imesinyaa na ya nje inaibana. Watoto wa wachuma chai waliyarudia haya nyumbani. Akina mama wakinikuta njiani, tukishapeana kamwene, salamu ya kwao, waliniuliza kwa nini mayai yao yanaisha. Miaka ile niliipenda kazi kwelikweli.

Kisha nikahamishiwa Makete, shule moja ya msingi jirani na Iwawa. Jina lake naliacha. Sijui kama mmewahi kuionja baridi ya kule. Mwezi wa sita na wa saba majani ya viazi yanaamka meupe kwa barafu, na mtoto anashika kalamu kwa ngumi. Jioni kila nyumba inaingiza jiko la mkaa ndani. Wazee walikuwa na utaratibu wao: watu wanaota moto mlango ukiwa wazi kidogo, na kabla ya kulala jiko linatolewa nje. Ukiwauliza sababu, walisema tu mkaa unalevya.

Mimi, msomi, nikaona niwape sababu. Darasa la sita nikawafanyia jaribio la mshumaa. Unasimamisha mshumaa katikati ya sahani yenye maji, unauwasha, unaufunika kwa glasi. Mwali unafifia, unazimika, na maji yanapanda ndani ya glasi. Kiongozi cha mwalimu kilitaka nieleze kwamba moto unahitaji oksijeni, basi. Nikaeleza na maji yale kwamba yamechukua nafasi ya oksijeni iliyoliwa, na hata hapo nilikosea, maana nilikuja kusoma kwamba yanapanda zaidi kwa sababu hewa iliyopata moto inapoa na kusinyaa. Lakini kosa hilo haliui mtu. Lililoua ni sentensi niliyoiongeza kutoka kichwani mwangu. Niliwaambia moto na mtu wanatumia hewa moja, kwa hiyo ukilala na jiko chumbani weka na mshumaa karibu yako: ukiwaka, hewa ipo, ukizimika, toka nje.

Mratibu Elimu Kata alikuwa amekaa nyuma ya darasa siku hiyo. Baadaye alinisimamisha mbele ya walimu wenzangu akasema mwalimu anayetakiwa ndiye huyu, anayeunganisha somo na maisha ya watu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Darasani mle kulikuwa na msichana aitwaye Vaileth. Huyu hakuridhika kunakili ubaoni. Kila jaribio alilirudia nyumbani kwao na kuandika kwenye daftari lake kilichotokea. Mama yake, mkulima wa viazi ambaye hakupita shule, alimwamini kuliko redio.

Yaliyotokea nitayasema kwa kifupi, maana kwa kirefu siwezi. Baba wa Vaileth alikuwa amesafiri kupeleka viazi Makambako. Mdogo wake wa kiume alikuwa anakohoa, na mama hakutaka kulitoa jiko. Vaileth akamwambia kuna njia. Akauwasha mshumaa mrefu, akauweka juu ya stuli karibu na kitanda, akaenda kulala kwa bibi yake nyumba ya pili kama kawaida yake. Mama akafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia, jambo ambalo maisha yake yote hakuwahi kulifanya. Asubuhi Vaileth alipofungua, mama na mdogo wake walikuwa wamekufa. Mshumaa ulikuwa umebaki kipande, bado unawaka.

Msibani alinifuata nilipokuwa nimekaa na walimu wenzangu. Hakuwa analia.

"Mwalimu, nilikosea wapi?" akaniuliza. "Niliuweka juu ya stuli. Ilitakiwa niuweke chini?"

Nikamwambia asiwaze hayo sasa, aende akakae na bibi yake. Jibu langu lilikuwa hilo tu. Saa ile, Mungu ni shahidi, na mimi nilikuwa sijui.

Nilijua siku tatu baada ya mazishi. Nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati, kijana mpole, nikamuuliza inakuwaje mtu afe kwa kukosa hewa na mshumaa uendelee kuwaka. Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mwanafunzi. Mkaa usioungua sawasawa unatoa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuikalia oksijeni nafasi yake, na kidogo tu inatosha kuua, hata kama oksijeni bado imejaa chumbani. "Mshumaa hauna damu, Mwalimu," akasema. "Wenyewe utawaka tu."

Nilirudi shuleni nikaingia ofisini. Mwalimu Mkuu wa pale, mama mmoja mwenye msimamo ambaye hata Mratibu alimwogopa, alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka akafunga mlango wa ofisi.

"Nyamaza," akaniambia. "Ukisema, mama wa watu hafufuki, na wewe watakuchomea nyumba."

Simlaumu. Aliniruhusu kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kukitaka. Gwaride la asubuhi nikatangaza kwamba ni marufuku mtu kulala na jiko la mkaa, na kuhusu mshumaa sikugusa. Vaileth aliporudi darasani alikaa dawati la nyuma. Hakunyoosha mkono tena mpaka alipomaliza darasa la saba, na mimi nikaacha kumwangalia.

Niliomba uhamisho kwa kisingizio cha kifua, nikapelekwa Makambako, nikajenga mtaa wa Lyamkena. Nilifundisha huko mpaka mwisho, mayai na chumvi na chupa za plastiki, na mada ya mshumaa nikawa nairuka. Mthibiti Ubora wa Shule aliwahi kupekua azimio langu la kazi akauliza kwa nini mada hiyo haipo. Nikajibu shule haina mishumaa. Akaandika kwenye ripoti kwamba shule inunue mishumaa, ikanunuliwa pakiti nzima, nikaifungia kabatini. Nilikuwa mwoga, na mwoga akikaa kazini muda mrefu anakuwa hodari wa visingizio.

Nilipostaafu niliagwa kwa blanketi na hotuba. Mtu akishastaafu anagundua asubuhi ni ndefu. Nilijua siku nyingi kwamba Vaileth yuko mjini Makambako, ni fundi cherehani, na kibanda chake nilikuwa nakipita kwa upande wa pili wa barabara. Safari hii nilivuka. Sitasema nilipata ujasiri. Nilichokosa ni kazi ya kujifichia.

Alinitambua mara moja, akaniamkia shikamoo, akanipa kiti na kuniuliza kama nimeleta suruali. Nikamwambia hapana. Nikamweleza yote, mshumaa, mkaa, ile gesi, na sentensi niliyoiongeza. Nikamwambia kwamba stuli haikuwa na kosa, na hata angeuweka chini wangekufa. Mguu wake ulisimama juu ya pedeli.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Wiki ileile ya msiba."

Alikata uzi, akamwambia mteja aliyekuwa akisubiri vifungo arudi kesho.

"Baba alifariki mwaka juzi," akasema. "Tangu msiba ule wa mama hakuwahi kula chakula cha mkono wangu. Nikipika, anasema ameshiba. Hata alipolazwa, uji nilikuwa nampa nesi ampelekee kama wake."

Nililia mbele yake, mzee mzima. Yeye hakulia. Nikamwomba anisamehe.

"Hilo tuliache kwanza, Mwalimu," akasema, bila ukali. "Ndugu zake baba wako Iwawa, wote wanajua ni mimi. Watoto wangu wameanza kusikia. Wewe unajua kuandika. Andika, na jina langu ulitaje."

Basi naandika, ndugu hao wa Iwawa nao wapelekewe wakasomewe. Jiko la mkaa msilale nalo, mlango uwe wazi au umefungwa, na mshumaa si kipimo cha chochote. Vaileth alikuwa mtoto. Alifanya jaribio hatua kwa hatua kama alivyofundishwa, na hakukosea hata moja. Aliyekosea ni mwalimu wake, na mwalimu wake ni mimi.