Felicja na Mkia wa Jina Lake

Felicja Cieńciała alikulia kwenye masizi. Baba yake, Alojzy, alikuwa msafisha dohani, na ule weusi ulimfuata mpaka mezani, mpaka kanisani, mpaka kwenye nywele za binti yake, ambaye hakuwa na subira ya kungoja baba aoge ndipo amkumbatie. Mama yake alifariki mapema. Kwa hiyo shule zilipofungwa, Alojzy alipanda naye juu ya mapaa ya Cieszyn, mji wa mpakani mwa Polandi, akiwa amemfunga kamba kiunoni, na mtoto akajua kutembea juu ya vigae kabla ya kujua kuendesha baiskeli. Alipokua alifanya mtihani wa ufundi, akafaulu, akavaa koti jeusi lenye vifungo vya kung'aa na kofia ndefu kama ya baba yake. Watu waliokutana naye njiani walishika vifungo vya nguo zao wakiomba heri, kama wafanyavyo wakimwona msafisha dohani yeyote.

Shida ilikuwa namna ya kumwita.

Sisi mtu wa kazi tunamwekea alama mwanzoni mwa neno: mpishi, mshoni, mwashi, awe mume au mke. Wapolandi wanaiweka mkiani. Neno likiishia na -arz, mara nyingi ni mwanamume na kazi yake: lekarz ni daktari, kominiarz ni msafisha dohani. Akiwa mwanamke, mkia unageuzwa kuwa -arka. Daktari wa kike ni lekarka, na hakuna anayecheka. Lakini kominiarka lilikuwa limeshachukuliwa. Ni ile kofia ya sufu inayofunika uso wote ikaacha macho tu, wanayovaa watu wa kwenye theluji, na wezi wa benki.

"Shikamoo Kofia," Rudolf, mwuza nyama, alikuwa akimtania kila alipopita dukani kwake. "Leo tunaiba wapi?"

"Hapa kwako. Ila nyama yako ngumu, nitakuachia."

Kujibu alijua. Lakini jioni, akiwa anasugua mikono kwenye beseni, uso wake ulikuwa mwingine.

"Wewe ni kominiarz kama mimi," Alojzy alimwambia. "Neno ni zima, halina tundu. Si litumie tu?"

"Nalitumia, baba. Ni kama viatu vyako. Natembea navyo vizuri tu, lakini kila mtu anaona si vyangu."

Alojzy akafikiri kidogo. "Ungekuwa baharia je? Baharia wa kike anaitwaje vile?"

"Marynarka."

"Si ndiyo koti hilo?"

"Koti, baba."

"Basi afadhali kofia, mwanangu. Kofia inakaa juu."

Felicja alimrushia taulo, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi ya mashavuni. Lakini baba yake, aliyemjua, aliona kwamba si machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Mto Olza unapita katikati ya mji ule. Ukivuka daraja uko kwa Wacheki, na siku hizo ulikuwa unaonyesha kitambulisho chako kwa askari aliyechoka, unapita. Asubuhi moja, baada ya kazi, Felicja alivuka kwenda kununua mikate midogo yenye jibini, akaingia kwenye duka la mikate la Otakar Pavlas. Otakar alikuwa bonge la mtu, mwenye haya, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Alimtazama mgeni wake mweusi tii, akaanza kufunga mikate.

"Kumbe nyinyi kule mna kominice," alisema.

Felicja alisimama na mkono hewani. "Umesemaje?"

"Kominice. Msafisha dohani wa kike. Nimekosea?"

"Hapana. Lakini hiyo kominice si jina la kitu kingine? Kofia? Sufuria? Chochote?"

Otakar alikuna kichwa, unga ukamwagika mabegani. "Hapana. Ni mtu tu. Ni wewe."

Siku ile alinunua mikate ambayo yeye na baba yake wasingeimaliza. Kesho yake akarudi kununua mingine. Alojzy aliutazama ule mrundo jikoni, akauliza tu kama mwoka mikate huyo anakunywa pombe.

Baada ya mwaka wa mikate, Otakar alijikaza akasema lake. Alisema kwa kuzunguka, akianzia kwenye jina. "Ukija upande huu kwangu, utaandikwa Pavlasová."

"Mnaniongeza mkia mwingine?"

"Ndiyo desturi yetu. Mama anao, dada zangu wanao."

"Na wewe ukinioa mimi, utaongezwa nini?"

"Masizi," alisema Otakar.

Felicja akakubali hapo hapo, amesimama kati ya magunia ya unga.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Wiki chache kabla ya harusi, Felicja alikuwa juu ya paa la jirani alipoona dohani ya Bi Wilhelmina Raszka haitoi hata uzi wa moshi, na alijua bibi yule hawezi kukaa na jiko limezimika. Bi Wilhelmina alikuwa mshona nguo mstaafu, mkali wa maneno, asiye na mtu. Felicja alishuka, akagonga mlango. Redio ilikuwa ikiimba ndani, lakini hakuna aliyejibu. Akavunja dirisha kwa kiwiko, akaingia akiwa amebana pumzi, akambeba bibi mgongoni mpaka nje kwenye theluji. Kiota cha kunguru kilikuwa kimeanguka na kuziba dohani, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu ilikuwa imejaa chumba kizima.

Alipiga kelele jirani aite gari la wagonjwa, akapiga magoti, akamkanda mikono huku akimsemesha neno lolote lililokuja mdomoni. Hatimaye bibi alifumbua macho, akauona ule uso mweusi juu yake.

"Kama wewe ndiye shetani," alisema kwa sauti nyembamba, "nilitegemea mwanamume."

Felicja alicheka na kulia kwa pamoja, akiwa bado ameishika ile mikono.

Bi Wilhelmina alipotoka hospitali, safari yake ya kwanza ilikuwa kwa Rudolf. Foleni ilikuwa ndefu, na watu walitaka kusikia.

"Nani alikutoa, bibi?"

"Kominiarka."

Mtu akaguna kicheko. Rudolf akainamia kaunta. "Kofia ndiyo ilikutoa, Bi Wilhelmina?"

Bibi hakutabasamu. "Ilivunja dirisha langu, ikanibeba mgongoni, ikanikanda mikono mpaka damu ikarudi. Kama hiyo ni kofia, Rudolf, nipe na mimi moja. Na soseji. Zile zisizo na mafuta mengi."

Watu walicheka, ila safari hii walikuwa wanamtazama Rudolf.

Tangu hapo bibi alilisema neno lile kila mahali, kanisani, kwenye duka la dawa, kwa fundi viatu, na kila mara uso wake ulikuwa mkavu kama anayetaja daktari. Masikio ya mji yakazoea. Theluji ilipoyeyuka, Rudolf mwenyewe alimsimamisha Felicja barabarani.

"Bi kominiarka," alisema, "dohani yangu ya kukaushia nyama inarudisha moshi. Utapata nafasi?"

Felicja alitafuta mzaha machoni pake. Hayakuwa na kitu ila wekundu wa moshi.

"Nitakuja kesho," alisema.

Harusi ilikuwa imeshafungwa wakati huo, na Bi Wilhelmina alikuwa amejipatia kiti chake mezani kwa akina Pavlas kila Jumapili, upande wa karibu na jiko. Alikuwa akimgombeza Otakar kwamba maandazi yake ya kuchemsha ni mazito kama mawe ya mto, kisha anaomba aongezwe, na Otakar anamwongeza. Alojzy husinzia pembeni na gazeti kifuani. Felicja, mikono yake imesuguliwa mpaka ikawa myekundu, anawaangalia wote watatu na hana haraka ya kutoa vyombo.