Niliita Mchanga Dhahabu, Maporomoko Yakawa Matope

Kosa ni langu. Sikurogwa, sikulewa, wala shetani hakunipitia. Ni huu mdomo wangu tu, pamoja na simu ambayo hata kioo chake kimepasuka.

Ukinisoma utacheka. Cheka tu, nimezoea! Hapa Migori nikipita stendi ya boda naitwa Injinia, na watu wanashikana mabega wasianguke kwa kicheko. Lakini ukishacheka, nisikize.

Nilikuwa na msichana, tumwite Atieno. Tulikuwa tumefika pale pa kuongea mambo ya harusi. Atieno hana wazazi. Alilelewa na nyanya yake, yaani dani, kwenye vilima vyenye msitu upande wa Homa Bay. Jina la mahali penyewe sitalitaja. Nimeshalitaja vya kutosha.

Kwao mambo ni rahisi. Dani akikukubali, umepata mke. Akikukataa, shuka mlima.

Basi tukaenda kumsalimia. Mama huyo ana utani! Alinizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe, akamwambia Atieno, "Huyu ndiye bwana wangu mpya? Na hii miguu nyembamba, kuni zangu atazibeba kweli?"

Nilipasua kuni mpaka viganja vikatoka malengelenge. Dani akaniletea uji mwenyewe. Jioni Atieno akaninong'oneza, "Umepita." Yawa! Nililala nikitabasamu.

Asubuhi dani akatuambia, mimi na Atieno, twende tuone maporomoko ya maji yaliyo ndani ya msitu. Alitoa masharti mawili tu. La kwanza, tusioge juu, kwa sababu juu ndipo wanawake wanachota maji ya kunywa. La pili akanieleza akiniangalia machoni.

"Mgeni wa kule huletwa na mtu wa hapa. Wewe umeletwa na Atieno. Ukitoka, usielekeze mtu."

Nikasema, "Ndiyo, dani." Nilisema haraka sana.

Jamani, hapo mahali! Maji yanashuka kwa mwamba mweusi, yanatua taratibu, ni safi mpaka unaona kucha zako za miguu zilivyo chafu. Hakuna takataka, hakuna kelele. Mtu mwenye akili angeoga, ashukuru Mungu, arudi kula.

Mimi nikatoa simu.

Na hapo ndipo nikaona mchanga unametameta. Sasa mjue kwamba mimi nilikaa Masara miezi miwili, kule wanakochimba dhahabu. Nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu za wachimbaji. Miezi miwili ya kuchaji simu, na nikajiona profesa wa madini!

Nilichota mchanga kwa mkono, nikauweka mbele ya kamera. "Wasee, mnaona hii? Hii ni dhahabu! Mimi nimetoka Masara, najua ninachosema. Watu wanalala njaa na utajiri uko hapa unaogewa. Kuja utajirike!"

Atieno aliacha kufua leso yake. "Dani amekuambia nini asubuhi?"

"Asubuhi ilikuwa asubuhi," nikamjibu, na nikacheka peke yangu. "Wacha wasiwasi, mimi nani ananiangalia?"

Hapo nilisema ukweli. Wafuasi wangu wote wangekaa kwa benchi moja la kanisa na nafasi ibaki. Nikapanda mwamba kutafuta network, nikaituma hiyo video.

Siku mbili baadaye nikiwa nimerudi Migori, video ikashika moto. Watu nisiowajua wananiita kaka, wananiita mkubwa. Wakauliza njia. Na mimi, mjinga wa wajinga, nikawajibu mmoja mmoja! Ukifika shuleni kata kushoto. Ukiona mti ulioanguka, fuata sauti ya maji. Nilikuwa naelekeza kwa adabu kama karani wa hoteli.

Atieno akapiga simu akilia. "Wamekuja na sururu. Wako kwa maji. Wamejaa!"

Nilipofika nilikuta wanaume kutoka migodi ya Osiri na Masara, wengine sijui wametoka wapi. Ukingo ulikuwa umebomolewa. Miti imekatwa ya kushikilia mashimo. Pale juu, pa kuchota, mtu alikuwa amesimama hadi magotini akiosha udongo.

Mzee mmoja mchimbaji akanitambua. "Wewe ndiye ulituita?"

Nikamwonyesha pale nilipochota mchanga.

Akachukua karai lake, akatia mchanga wangu na maji, akazungusha polepole. Vile vitu vinavyong'aa vyote vikatoka na maji kama pumba. Chini pakabaki changarawe.

"Dhahabu ni nzito, kijana. Inalala chini. Hii inakimbia. Hata mtoto wa Osiri anajua," akasema. "Kwani wewe Masara ulikuwa unachimba shimo gani?"

"Nilikuwa nachaji simu."

Msitu mzima ulicheka. Nadhani hata nyani walicheka. "Ungeendelea kuchaji, omera!" akasema, akatupa karai begani.

Wote walikuwa wameondoka kabla wiki haijaisha, wakinitukana mpaka mama yangu aliyelala kaburini. Hawakufukia hata shimo moja. Maporomoko bado yanashuka, lakini sasa yanashukia matope, na wanawake wa kule wanatembea hadi mto wa pili, na mitungi kichwani. Dani naye, kwa magoti yake ya uzee, hawezi kufika.

Nilikaa nyumbani nikiona aibu. Mwishowe nikanunua sukari na mkate, nikapanda mlima kuomba msamaha.

Dani alinipokea vizuri. Hilo ndilo liliniua! Hakufoka. Alinipa kiti, akauliza habari za njiani. Kisha akaingia ndani, akatoka na glasi ya wageni, ile yenye maua, juu ya kisahani. Ilikuwa na maji. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

Mnajua kwetu mgeni hakatai maji.

"Kunywa, bwana wangu," akasema. "Hayo ni ya juu, pale pasipoogewa. Ndiyo ninayokunywa siku ambayo hakuna wa kunichotea mbali."

Nilimwangalia Atieno pale mlangoni. Hakuniangalia. Nikanywa. Nilinywa yote, mchanga ukilia kwenye meno, na machozi yakinishuka bila ruhusa. Nilipoishusha glasi, chini palikuwa na tope kidogo. Lilikuwa linametameta.

Dani akainama akachungulia, akatikisa kichwa. "Basi umetajirika. Sasa nenda nyumbani."

Kwetu mgeni husindikizwa, hata kama ni hatua kumi tu. Siku hiyo niliteremka peke yangu. Atieno hajapokea simu yangu tangu hapo, na simlaumu.

Video nimefuta, lakini watu walikuwa wameihifadhi. Juzi mtu wa Ogwedhi amenipigia akiniita mkubwa, anauliza kama ni kushoto ama kulia ukishapita shule. Nikamwambia hakuna kitu kule. Akacheka, akasema najificha ili nichimbe peke yangu!

Ndugu yangu unayesoma, mtu akikuonyesha mahali pake pazuri, amekuonyesha wewe. Hakuionyesha simu yako. Oga, shukuru, funga mdomo. Usipoweza kuufunga, utakuja kupewa glasi yenye maua, na utaimaliza yote.