Mpira Uliosafishwa kwa Limau

Bi Rehmat, jirani yetu wa ghorofa ya tisa hapa Flemingdon Park, Kanada, alilelewa nyuma ya duka la baba yake huko Korogwe, na huko ndiko alikofundishwa kwamba chombo cha mtu hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi kwa bakuli, bakuli utaliosha, utalikausha, na kabla ya kulipeleka utatia humo japo ndizi mbili. Fundisho hilo amelishika miaka yote ya ujane wake, nasi majirani tumefaidi sana.

Aliyefaidi kuliko wote ni Bwana Lorne, mzee Mkanada anayeishi peke yake mlango wa pili kutoka kwake. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kusali jamatkhana, Bi Rehmat alimpelekea pilau au kuku wa nazi. Jumamosi bakuli lilirudi limeoshwa likang'aa, na ndani hamna kitu. Bi Zeenat, wifi yake anayekaa naye, hakuliacha jambo hilo lipite hivi hivi.

"Wifi, mchumba wako kaleta bakuli la hewa tena."

"Zeenat, adabu! Mzee wa watu hajui mila zetu."

"Miaka yote hii hajui? Hata paka angeshakuletea panya."

Kiingereza cha Bi Rehmat ni cha kuombea chumvi tu, na Bwana Lorne hajui neno la Kiswahili. Kwa hiyo walipokaa kunywa chai waliniita mimi, mwalimu wa zamani, niwe daraja kati yao. Ndivyo tulivyoipata habari ya baba yake Bwana Lorne.

Huyo baba alikuwa mrushaji katika timu ya besiboli ya mji huu, timu ya wachezaji wa kulipwa, katika kiangazi cha mwisho kabla ya vita kuu ya pili. Ndiye aliyesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Uwanja wao ulikuwa kando ya ziwa, na upepo wa ziwani uliusumbua kila mpira uliopigwa juu. Timu ilishindwa Mei, ikashindwa Juni, na ilipofika Agosti watazamaji walikuja ili wapate kucheka, huku wakiwatupia wachezaji maganda ya karanga. Msimu uliisha wakiwa mkiani. Lakini mechi ya mwisho, mbele ya viti vilivyokuwa karibu vitupu, walishinda, naye baba huyo alirusha tangu mwanzo hata mwisho. Mwaka uliofuata baadhi yao walikuwa wamevaa sare za jeshi, na si wote waliorudi.

"Hakuna aliyewapa kombe," Bwana Lorne alituambia. "Baba alibaki na mpira wa siku ile, basi."

Mwezi wa Machi Bwana Lorne aliitwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na mafundi wa madirisha walitazamiwa kuingia nyumbani mwake akiwa hayupo. Akaja mlangoni kwa Bi Rehmat na soksi ya sufu mkononi. Ndani ya soksi mlikuwa na ule mpira. Akaniomba nimwambie kwamba hamwamini mtu mwingine kwa kitu hicho.

Bi Rehmat aliupokea kwa mikono miwili. "Mwambie, Mwalimu, amana yake itarudi kama alivyoileta, na zaidi."

Niliyatafsiri maneno hayo yote, pamoja na hilo la mwisho.

Siku aliyorudi Bwana Lorne, Bi Rehmat aliutoa mpira katika soksi. Macho yake yana ukungu wa uzee. Aliona ngozi iliyokauka, udongo ulioganda kwenye mishono, na michirizi ya rangi ya kahawia kila upande.

"Utamrudishia mgonjwa kitu kilichochakaa hivi?" Bi Zeenat alisema. "Atasema Wahindi wa Afrika hawajui sabuni."

Basi Bi Rehmat akakata limau, akachanganya na magadi, akachukua mswaki wa zamani, akasugua. Alisugua kwa upendo, kama mtu anayemwogesha mtoto. Akaukausha karibu na hita, akaupaka mafuta ya nazi kidogo, nao ukatoka mweupe kama yai. Akauweka katika bakuli juu ya visheti vya moto, akafunika kitambaa, akaniita tuende pamoja, yeye na wifi yake na mimi.

Bwana Lorne alikuwa kitini, na mkongojo wa magurudumu mbele yake. Alifunua kitambaa akitabasamu. Kisha akaugeuza mpira, akaugeuza tena, akaunusa.

"Muulize," akaniambia polepole, "majina yako wapi?"

"Majina gani, Mwalimu?" Bi Rehmat aliuliza.

Nikamuuliza mwenyewe, naye akaeleza kwamba siku ile ya ushindi wachezaji wote walitia sahihi zao juu ya mpira huo, ungali na udongo wa uwanjani, wakampa baba yake. Nilipokuwa nikitafsiri nilimwona Bi Rehmat akiutazama mkono wake wa kulia, ule ulioshika mswaki.

"Niliyaona," alisema. "Nilidhani ni madoa."

Bi Zeenat akamnong'oneza kwa haraka, "Wifi, sema mpira ulikuponyoka ukaangukia ndoo ya maji. Nani atajua?"

Bi Rehmat alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Nyuma ya mtandio huo sauti ilitoka ndogo lakini haikutetemeka. "Hapana. Mwambie nimeyafuta mimi, kwa limau. Mwambie nilitaka kumheshimu."

Bwana Lorne hakupaza sauti, afadhali angepaza. Aliushika mpira kana kwamba sahihi zingalipo, akaanza kupitisha kidole. Hapa palikuwa na jina la yule mwokaji mikate aliyecheza kiangazi tu. Hapa palikuwa na la Mfaransa wa Montreal, aliyefanya ishara ya msalaba kabla ya kushika gongo. Kidole kilipajua kila mahali, na kila mahali alilitaja jina. Kisha karibu na mshono kikasimama.

"Huyu alikuja Agosti," akasema. "Kijana. Hakurudi kutoka vitani." Midomo yake ilijaribu kitu, ikaacha. "Jina lake sikuwahi kulishika kichwani. Sikuwa na haja. Lilikuwa hapa."

Hayo pia ilinibidi niyatafsiri.

Baada ya siku hiyo Bi Rehmat alianza kukaa safu ya nyuma jamatkhana, yeye ambaye daima alikuwa mbele. Ijumaa aliendelea kupika, lakini hakubisha hodi tena. Aliliacha bakuli mlangoni pa Bwana Lorne akaondoka mbio, kwa miguu ile ile inayomuuma anapopanda basi la Don Mills. Siku zilizofuata lilirudi hivyo hivyo, mlangoni, bila mtu. Bi Zeenat aliacha utani.

Jumamosi moja nilikuwa kwao nikinywa chai tuliposikia magurudumu ya mkongojo kwenye ujia nje ya mlango. Bwana Lorne alikuwa amelibeba bakuli. Halikuoshwa. Punje za wali zilikuwa zimeshika kingoni, na mafuta ya pilau yameganda chini.

"Mwambie sikuliosha," akaniambia. "Niliogopa nisije nikafuta jina la mtu."

Nilipotafsiri, Bi Zeenat aliangua kicheko, kisha akakiziba kwa kiganja.

"Mwalimu," Bi Rehmat akaniuliza, "anatania au ananisuta?"

Nikamtazama mzee yule usoni, nikashindwa kujua. Pengine hata yeye hakujua.

"Basi muulize," Bi Rehmat akasema. "Yule kijana wa Agosti. Jina limerudi?"

Bwana Lorne akatikisa kichwa.

Bi Rehmat akalipokea bakuli kwa mikono miwili, kama alivyoupokea mpira, akamvutia kiti. Nilipoaga jioni, Bwana Lorne alikuwa bado ameketi pale, na bakuli lilikuwa bado mezani mbele yao, lina wali wake uliokauka, wala hakuna aliyekuwa amefungua bomba ili kuliosha.